Chumba Namba Kumi na Nne

Hawaji na hasira, kama nilivyodhani
siku nilipokabidhiwa kiti hiki na muhuri huu,
mahakama ya Bochum, ghorofa ya pili.
Wanakuja na mwavuli, na kitambulisho,
na euro thelathini za ada, wengine sarafu tupu
kana kwamba wamevunja kibubu.
Wanafuta miwani. Wanauliza kama itachukua muda.

Dakika sita.
Kuingia kulitaka maji, mshumaa, wasimamizi wawili,
keki, na shangazi wa kulia.
Kutoka ni dakika sita na mashine ya risiti.

Fomu haina mahali pa sababu.
Jina, tarehe ya kuzaliwa, parokia ya ubatizo kama unaikumbuka.
Sababu sheria haina haja nayo.
Lakini wananiambia tu,
mimi, karani, nisiye na pazia wala kidirisha cha kitubio.

Svenja, kwenye mshahara wake wa kwanza,
aliona kijimstari cha kodi ya kanisa
akampigia mama yake simu:
"Kumbe mimi ni Mkatoliki?"

Detlef alitumikia altare akiwa na miaka tisa.
"Padri yule bado anakula pensheni," alisema,
na peni ikatoboa karatasi.
Nikampa fomu nyingine.

Roswitha, muuguzi wa zamu ya usiku:
"Nimeosha maiti wengi, sijaona kitu kikitoka.
Ila dirisha nalifungua, kila mara.
Usiniulize."
Sikumuuliza.

Na yupo aliyekuwa anahama tu,
kijana mwenye mchumba Mghana;
Jumapili wanaabudu kwenye ghala la matairi
na huko, akasema, usipowahi unasimama.

Kisha Machi, siku ya mvua ya barafu,
akaingia mzee Wieczorek, kofia mkononi
kama mtu aliyechelewa misa.
Babu yake alipanda kutoka mgodini, uso mweusi,
akalishika koleo jingine, akajenga matofali
ya kanisa la Mtakatifu Barbara, mlinzi wa wachimbaji.
Sasa ndani yake watoto wananing'inia kwa kamba,
wanakwea ukuta wa plastiki pale ilipokuwa altare.
"Mjukuu wangu amefika hadi juu," alisema,
na sauti yake ilikuwa na fahari, nakuapia.

"Sikumfukuza. Andika hivyo, kama pana nafasi."
Hapana nafasi.
"Mke wangu alipokufa nilimwita. Nikangoja.
Nikazoea kungoja, kama unavyozoea goti bovu.
Halafu asubuhi moja, namenya kiazi,
nikagundua singoji."
Akanyamaza, kisha:
"Asiyekuwepo na lake halipo."
Sikujua anamsema Mungu
au anajisema mwenyewe.

Akatia saini kwa herufi za shuleni.
"Na kengele? Nitaruhusiwa kuzisikia?"
"Kengele hazina orodha, Bwana Wieczorek."

Akaufikia mlango,
na mkono wake wa kulia ukaenda wenyewe ukutani,
vidole vimekunjwa kidogo,
ukitafuta kibakuli cha maji ya baraka.
Ukakuta kile kichupa cha dawa ya mikono
kilichobaki tangu siku za barakoa.
Akakibonyeza. Akasugua viganja, taratibu,
hadi vikakauka.
Akacheka, nami nikacheka,
na aliyekuwa nyuma yake akaingia.

Yangu imo kwenye droo, chini ya bahasha,
imejazwa yote isipokuwa tarehe.
Siwezi kujigongea muhuri mwenyewe.
Itanibidi nipange foleni, nikae mbele ya Heike wa chumba jirani,
na Heike hatauliza kitu,
na hapo ndipo ninapoogopa:
dakika sita, kimya, na mdomo wangu huu.

Saa sita mchana zinalia.
Nazihesabu hadi kumi na mbili.
Saa ninayo, ukutani, mbele ya macho yangu.
Nazihesabu.